Laptop mpya imetoka na watu wanalalamika: jinsi ya kusoma bei na sifa kabla hujatuma hela

Kila ikitoka laptop mpya najua simu yangu haitatulia wiki nzima. Kaka yangu anaishi Houston, na huku Dar ndugu yeyote akitaka laptop anamtumia yeye hela, alafu yeye kabla hajalipa anapiga picha kibandiko cha bei pale dukani ananirushia, dada nichukue hii mpya au ile ya mwaka jana imeshuka? Na mi hapo nina dakika kama kumi tu za kujibu maana kasimama na muuzaji anamsubiri. Mi na-edit video za harusi na send-off, riziki yangu yote iko kwenye laptop, kwa iyo nikimshauri mtu vibaya roho inaniuma kabisa, maana hela ya laptop kwa familia nyingi ni ya kuchanga.

Kitu nilichojifunza miaka yote hii, tangazo nalipitia mara moja tu, muda wangu mwingi nautumia kwenye malalamiko ya watu waliokwisha nunua. Walioshika mashine ndo wanajua kampuni imepunguza wapi ili bei ikae pale ilipokaa. Ila malalamiko nayo yana pumba nyingi, kuna ya maana na kuna ya mtu aliyechukia rangi, lazima uyapepete. Ntatumia sana mfano wa MacBook Air, ile laptop nyembamba ya Apple, kwa sababu ndo naulizwa zaidi na historia yake ya bei naijua vizuri, lakini njia ni ileile hata kama unanunua Dell, HP au Lenovo.

Bei ya kwenye bango ni ya ile ndogo kabisa

Chukua karatasi. Bei unayoisikia siku laptop inazinduliwa ni ya ile yenye RAM (nafasi ya kazi uliyoifungua sasa hivi) ndogo kuliko zote na storeji (pa kuhifadhi mafaili) ndogo kuliko zote, na kazi yako ya kwanza ni kuachana nayo uhesabu bei ya ile ambayo wewe kweli utaifanyia kazi.

Angalia hii. MacBook Air ya M1 (M1 ni prosesa ya Apple, yani ubongo wa mashine, na M2, M3, M4 ni vizazi vilivyofuata) ilitoka Novemba 2020 kwa dola 999, RAM 8GB, storeji 256GB. Julai 2022 ikaingia sokoni ya M2, umbo jipya, skrini imekua kidogo, chaja ya sumaku imerudi, bei ikapanda mpaka dola 1,199 na RAM ileile 8, storeji ileile 256. Watu wakalalamika sana na walikuwa na haki, maana kutoka RAM 8 kwenda 16 Apple walikuwa wanatoza dola 200 nyingine, kwa iyo mtu wa kazi kama yangu bei yake ya kweli ilikuwa 1,399. Machi 2024 ikaja M3 kwa 1,099, ukiweka RAM 16 unafika 1,299. Alafu tarehe 30 Oktoba 2024 Apple wakapandisha RAM ya kuanzia mpaka 16 kwenye Air za M2 na M3 bila kugusa bei, na Machi 2025 ikaja M4 kwa 999 RAM 16 ikiwa tayari ndani.

Sasa ukisoma bango peke yake utasema kutoka 2022 mpaka 2025 bei imeshuka dola 200. Lakini mtu anayehitaji RAM 16 kwake imeshuka dola 400, kutoka 1,399 mpaka 999, na prosesa mpya juu. Huyo wa 2025 ndo alipata unafuu mkubwa, na hii ndo sababu M4 ilipotoka hukusikia kelele kama za 2022. Ukimya wa wateja nao ni taarifa, wakinyamaza kuhusu bei ujue mahesabu yao yametoka vizuri.

Kwa iyo kila laptop unayoifikiria iandikie mstari wake: bei ya kuanzia, jumlisha RAM unayohitaji, jumlisha storeji, jumlisha adapta kama matundu hayatoshi, alafu kodi. Kodi watu wanaisahau kila siku. Bei ya Marekani inayotangazwa haina kodi ndani, ukifika kaunta ndo inaongezwa, na Houston ni asilimia 8.25, kwa iyo ile 999 inatoka kama 1,081. Ndugu yako akiwa Delaware au Oregon kule hakuna kodi hiyo ya mauzo, analipa 999 ileile. Uingereza ni tofauti kabisa, pale bei ya kibandiko ina VAT ya asilimia 20 ndani tayari, Air ya M4 ilianza kwa pauni 999 na hizo ni pauni za mwisho, hakuna cha kuongezwa. Sasa mtu anakwambia London bei ni 999 na Marekani 999 kwa iyo sawasawa, si sawasawa hata kidogo, pauni ina nguvu kuliko dola. Na kama ndugu yako ana mtoto chuoni kule au yeye mwenyewe ni mwanafunzi, ipo bei ya wanafunzi, M4 ilikuwa 899. Ulizeni, hela hiyo inanunua hard disk ya nje.

Pepeta kelele: nani amepima na nani amekasirika tu

Hapa ndo penye kazi, na hapa ntakaa.

Juni 2022 ilipotoka MacBook Pro ya inchi 13 yenye M2, watu wanaofanya vipimo waligundua ile ya storeji 256GB inasoma data polepole kuliko ya M1 iliyotangulia. Ya zamani ilikuwa inafika karibu MB 2,900 kwa sekunde, mpya ikawa kama 1,450, yani nusu. Mwezi uliofuata Air ya M2 ya 256 nayo ikakutwa hivyohivyo. Sababu ilionekana walipofungua mashine: zamani zile GB 256 ziligawanywa kwenye chipu mbili za 128 na prosesa inasoma zote mbili kwa wakati mmoja, safari hii wakaweka chipu moja ya 256 peke yake. Ni kama kuchota maji bomba mbili na bomba moja, tanki ni lilelile ila ndoo inachelewa kujaa. Aliyenunua ya 512 hakupata hilo tatizo.

Hayo ndo malalamiko ya maana, na angalia yanafananaje. Yana namba, yanataja modeli gani hasa na storeji gani, yanasema sababu, na mtu mwingine yeyote anaweza kupima akapata jibu lilelile. Kelele ya aina hii ikitokea simamisha ununuzi, isome mpaka mwisho, alafu jiulize inakugusa wewe au la. Mtu wa Word na barua pepe haikumgusa. Mimi ingenigusa mara mbili, na ntakueleza kwa nini maana wengi hawaunganishi haya mambo.

RAM ikijaa laptop haizimi, inahamisha vitu vingine kwenye storeji kwa muda alafu inavirudisha ukivihitaji. Kwa iyo ukiwa na RAM 8 na unafanya kazi nzito, storeji yako inakuwa inafanya kazi ya RAM, na kama hiyo storeji yenyewe ni ile ya chipu moja, unaumia huku na huku. Ile Air ya bei ndogo ya 2022 ilikuwa na vyote viwili, RAM ndogo na storeji ya taratibu, kwa dola 1,199. Kwenye M3 wakarudisha chipu mbili kwenye 256. Sasa mtu aliyefuatilia ile kelele ya 2022 alijua aidha achukue 512, au abaki na M1, au asubiri, na wote watatu walifanya vizuri.

Linganisha na kelele ya kile kipande cheusi cha kamera kinachoingia kwenye skrini, ambacho kililetwa kwenye MacBook Pro za Oktoba 2021. Wiki ya kwanza ungedhani dunia inaisha, kila mtu anakisema. Leo mwenye Mac muulize, atakwambia alishasahau kama kipo. Hiyo ni kelele ya macho, jicho linazoea.

Ila kuna zile ambazo wiki ya kwanza hazisikiki kabisa alafu zinakuja taratibu. Kibodi ile nyembamba iliyoitwa butterfly Apple waliianza 2015 kwenye MacBook ya inchi 12, 2016 ikaingia kwenye MacBook Pro, siku za mwanzo watu wanasifia wembamba. Miezi ikapita vumbi likaingia chini ya vitufe, herufi moja inajiandika mara mbili, nyingine haiandiki kabisa. Juni 2018 Apple wakafungua mpango wa kuzitengeneza bure, Novemba 2019 wakaanza kuiondoa kwenye ile ya inchi 16, na 2022 kesi ya wateja Marekani ikaishia kwenye malipo ya dola milioni 50. Mtu wa huku kwetu, vumbi la kwetu unalijua, na Apple hawana duka lao Afrika Mashariki, laptop yenye kasoro ya vumbi ungeipeleka wapi?

Kwa iyo kanuni yangu ni hii, malalamiko nayasoma mara mbili: wiki ya kwanza, alafu nayarudia miezi mitano sita baadaye kwa modeli ileile. Ya wiki ya kwanza mengi ni ya sura, rangi na bei. Ya mwezi wa sita ni ya kibodi, bawaba, betri, joto, chaja, vitu ambavyo mkono unavigusa kila siku. Kama unanunua laptop iliyotoka mwezi huu, hayo ya pili hayapo bado, na ndo maana nikiwa na nafasi ya kuchagua mimi nachukua toleo la pili la umbo fulani kuliko la kwanza. Air ya M3 na M4 ni umbo lilelile la M2, kasoro za mwanzo zilishajulikana.

Kilichotolewa kina bei yake

Kila laptop mpya kuna kitu kimeongezwa na kinatangazwa kwa herufi kubwa, na mara nyingi kuna kitu kimetolewa kimyakimya. Weka sifa za ya zamani na mpya bega kwa bega, usitafute kilichozidi, tafuta kilichopotea.

Oktoba 2016 MacBook Pro mpya zilitoka matundu yote ni USB-C, hakuna HDMI, hakuna pa kadi ya kamera, hakuna USB ya kawaida. Watu wa kamera walichachamaa kiasi kwamba wiki moja tu baadaye Apple wakapunguza bei ya adapta, ile ya kubadilisha USB-C kwenda USB ya kawaida ikashuka kutoka dola 19 mpaka 9. Na Oktoba 2021 HDMI na tundu la kadi vikarudi vyote. Miaka mitano! Mi kazi yangu inaanzia kwenye kadi ya kamera, narudi ukumbini saa nane usiku na kadi nne, Air haina tundu la kadi mpaka leo, kwa iyo kwenye mstari wangu wa bei adapta huwa naiandika kabisa kama sehemu ya laptop.

Dell nao walifanya yao. Kwenye XPS 13 Plus ya 2022 waliondoa vile vitufe vya juu, F1, F2, Esc na wenzake, wakaweka mstari wa kugusa unaowaka taa, na 2024 wakaupeleka na kwenye XPS 14 na 16. Watu wanaofanya kazi bila kuangalia kibodi hawakuupenda tangu siku ya kwanza, kidole hakijui kimefika wapi. 2025 wakaliacha na jina lenyewe la XPS, alafu Januari 2026 likarudi na vitufe vya kawaida vikarudi nalo. Lenovo vilevile, kwa miaka kadhaa ThinkPad za T14 zilikuwa na RAM nusu, na baadhi yote, imeunganishwa kwenye bodi, mafundi na wateja wakalalamika, T14 ya kizazi cha tano ya 2024 ikarudi na nafasi mbili za RAM unachomeka mwenyewe. Ndo maana T480 ya 2018 inatafutwa mpaka leo, fundi yeyote anakuongezea RAM kwa bisibisi moja.

Hili la RAM iliyounganishwa nalisemea kwa uchungu. Kuna laptop nilinunua, chapa sitaitaja, nyembamba nzuri, RAM 8, nikajiambia ntaongeza mbele ya safari kazi ikikua. Kazi ikakua. Nikaenda kwa fundi na hela mkononi, akafungua skrubu kumi, akanyanyua mfuniko wa chini taratibu, akanisogezea taa ya simu yake akaniambia dada angalia mwenyewe. Feni moja, betri, na pembeni ya prosesa vijipande vinne vyeusi vidogo kama kucha vimelala juu ya bodi vimechomelewa, hakuna tundu, hakuna klipu, hakuna pa kuchomeka chochote. RAM ndo hiyo. Niliuza kwa hasara nikaanza upya. Kwenye sifa iliandikwa neno moja tu, onboard, na mi sikulijua maana yake. Ukiona onboard au soldered, maana yake RAM unayonunua leo ndo utakayozeeka nayo, kwa iyo nunua ya kesho. MacBook Air zote RAM ni hivyo, na laptop nyingi nyembamba za Windows saivi pia.

Jina jipya, prosesa ya zamani

Hii ni kwa wanaonunua za bei ya kati, na ndo inayoumiza wengi maana haipigiwi kelele sana. AMD, watengenezaji wa prosesa, mwaka 2022 walibadilisha namba zao, ukaja mfululizo wa 7000 kwa ajili ya laptop za 2023. Watu wanaona 7 mbele wanajua mpya. Lakini tarakimu ya kuangalia ni ya tatu. Ryzen 5 7520U, ile 2 inakwambia ubunifu wake ni Zen 2 (Zen ni jina la vizazi vya prosesa za AMD), ambao ulianza 2019, na ina core nne, yani sehemu nne za kufanyia kazi. Ryzen 5 7530U ni Zen 3, core sita. Ryzen 5 7540U ni Zen 4. Zote tatu zinaitwa Ryzen 5, zote zilikuwa za mwaka mmoja, zimebandikwa stika inayofanana, na tofauti yake ni ya miaka mitatu. Muuzaji atakwambia Ryzen 5 mpya kabisa bosi, na hadanganyi, ila we muombe namba nzima.

Intel nao wana lao, Core 7 150U ya Januari 2024 jina ni la mtindo mpya ila ndani ni familia ya Raptor Lake iliyokuwepo kabla. Si prosesa mbaya, ila usilipe bei ya kizazi kipya. Na kwa wa magemu na video, kadi ya picha jina halitoshi, RTX 4060 ya laptop inaweza kupewa umeme wa wati 35 mpaka 115 kutegemea mtengenezaji, yenye wati 35 na yenye 115 ni vitu viwili tofauti. Tafuta wati.

Programu kwanza, hata kama bei imeshuka

Machi 2025 M4 ilipotoka kaka alinitumia picha, 999, RAM 16, akaandika dada safari hii hata wewe huna la kusema. Na kweli nilikuwa sina, kila malalamiko ya zamani yalikuwa yamejibiwa, hata ile ya kuunganisha skrini mbili za nje mfuniko ukiwa wazi, ambayo M3 ilikuwa inataka ufunge mfuniko kwanza. Nikamuuliza ni ya nani. Akasema ya mtoto wa dada yetu, anasoma usanifu majengo. Nikampigia mpwa wangu hapohapo, mwanangu chuoni mnatumia programu gani? Akataja AutoCAD, SketchUp, na Revit.

Hizo mbili za mwanzo zipo kwenye Mac. Revit ni ya Windows tu. Nikamwambia kaka weka hiyo chini. Angeletewa laptop nzuri kuliko zote za bei ile na asingeweza kufungua kazi ya darasani. Tukamchukulia ThinkPad ya RAM 32, na yuko nayo mpaka leo. Kwa iyo kabla hujaanza hata kuangalia bei, andika programu tatu unazozitumia kila siku alafu hakikisha kila moja inakubali mfumo wa hiyo laptop. Sifa za watu wengine hazikuhusu kama programu yako haifunguki.

Na RAM kiasi gani? Usiniulize mimi, iulize laptop uliyonayo. Fungua kazi yako ya kawaida, nzito kabisa, na vichupo vyote vya kivinjari kama unavyoviachaga. Kwenye Mac fungua Activity Monitor nenda Memory, chini kuna mchoro, ukiwa kijani uko sawa, njano unabanwa, mwekundu umezidiwa. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya utendaji (Performance) uangalie memory imefika asilimia ngapi. Ukiwa na 8 na unagonga 90 kila siku, 16 ni lazima. Kwenye Novemba 2023 mkuu mmoja wa masoko wa Apple, Bob Borchers, alisema 8GB kwenye Mac pengine ni sawa na 16 kwenye mashine nyingine, na ilikuwa ni wakati wanauza MacBook Pro ya dola 1,599 yenye RAM 8. Wateja hawakukubali, wakaweka picha za ule mchoro ukiwa mwekundu, na haukupita mwaka RAM ya kuanzia ikawa 16. We pia mchoro wako ndo shahidi wako.

Kusubiri au kununua

Zamani nilikuwa nasema subiri, modeli ikitoka mpya ya zamani inashuka, na mara nyingi ni kweli, M3 ilipotoka M2 ilishushwa mpaka 999. Lakini mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipanda vibaya duniani kwa sababu viwanda vinaelekeza chipu kwenye vituo vya data vya akili bandia, kiasi kwamba Micron, watengenezaji wa RAM, walitangaza kuacha kuuza RAM kwa watu wa kawaida kwa jina la Crucial. Kwa hali hiyo anayesubiri bei ishuke anaweza kukuta imepanda. Msimamo wangu saivi: kama laptop uliyonayo inafanya kazi na modeli mpya imebakiza mwezi mmoja au miwili, subiri. Kama kazi imesimama, nunua leo ya mwaka jana yenye RAM ya kutosha, hutajuta.

Unaponunua used Kariakoo au Luthuli ya Nairobi

Ile Oktoba 2024 Apple walipopandisha RAM ya kuanzia imeacha mtego sokoni. Air ya M2 ya RAM 8 na Air ya M2 ya RAM 16 kwa nje zinafanana kila kitu, na muuzaji anaweza kukutajia bei ya 16 akupe ya 8, wakati mwingine hata yeye hajui. Usikubali karatasi. Iwashwe mbele yako, bofya alama ya tufaha juu kushoto, chagua About This Mac, soma Memory kwa macho yako. Alafu angalia betri, mizunguko mingapi imekwenda na afya asilimia ngapi. Alafu omba ifutwe ianze upya mbele yako, ikikuletea ukurasa unaosema Remote Management ujue ilikuwa ya kampuni na bado imefungwa kwao, au ikiomba akaunti ya mtu mwingine, rudisha hapohapo hata kama bei ni ya kutupa.

Boksi lifunguliwe hukohuko

Watu wanapenda kuletewa boksi bado lina nailoni, naelewa raha yake, lakini Apple Marekani wanakupa siku 14 tu za kurudisha, na laptop ikishapanda ndege hizo siku hazikusaidii tena. Kwa iyo sisi tulikubaliana kaka anafungua usiku uleule akifika nyumbani, ananipigia video. Tunaanza na RAM na storeji kwenye About This Mac kama ndo tulizolipia. Anaweka skrini nyeupe yote alafu nyeusi yote atafute nukta iliyokufa. Anaandika mstari mzima kwa kila kitufe, namsikia anavyogonga. Anachomeka kitu kila tundu. Anaangalia chaja, pini zake za Marekani haziingii kwenye soketi zetu za pini tatu ila yenyewe inakubali umeme wa volti 100 mpaka 240, kwa iyo kichwa tu ndo kinabadilishwa, au unaweka adapta ya plagi kama hakichomoki, na risiti anaipiga picha ananitumia. Ikipita yote hayo anaizima, anairudisha kwenye boksi, na kwenye safari inakaa kwenye begi la mkononi, haiendi kwenye lile la chini.